Aliyetufundisha Kwamba Hatutaanguka

Ngurumo ilipopiga, Mama Mwalimu aliingia chini ya meza. Hakufanya hivyo kwa mzaha. Aliacha sentensi katikati, akainamisha mwili wake mnene, akajikunja kati ya miguu ya meza, kisha akaendelea kufundisha kutoka kule chini. Sisi wa darasa la ubatizo, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu pale Nyakasanza, mjini Bunia, tulizoea kusikia habari za neema ya Mungu zikitoka chini ya mbao, zikikatwa na "Yesu wangu!" kila radi ilipopasuka. Hatukucheka. Mvua ikiwa inagonga bati, na mtu mzima unayemtegemea ametoweka mbele ya macho yako, kicheko hakiji. Nilikuwa msichana wa shule wakati ule, na nilichojifunza kwanza kutoka kwake ni kwamba hata watu wa Mungu wanatetemeka.

Jina lake sitalitaja. Hata alipokuwa hai wachache walilijua. Mtaani Bigo alipoishi, wakubwa kwa watoto walimwita Mama Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa watu kwa ubatizo na kwa Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika, na aliifanya kwa ukali ambao hata wachungaji waliuogopa.

Aliogopa mbwa. Aliogopa pikipiki, na kwa kuwa Bunia ni mji wa pikipiki, aliogopa barabara yote. Akitaka kuvuka alisimama ukingoni mpaka apite mtu anayemjua, akamshika mkono, akafumba macho, akavushwa kama kipofu. Aliogopa askari, na zaidi ya askari aliwaogopa watu waliovaa kama askari. Alifuga kuku lakini hakuweza kuwachinja; alimwita jirani, akaingia ndani na kuziba masikio. Mlango wake ulikuwa na kufuli, komeo na gogo la kukingamisha kwa ndani.

Na huyu ndiye aliyetufundisha kwamba hakuna kitu kinachotokea chini ya mbingu bila Mungu kutaka. Kijana mmoja wa darasa letu, aliyependa kumchokoza, alimwuliza kwa nini: "Mama, kama Mungu alishapanga yote, juu ya nini unafunga mulango na magogo?"

"Kwani kufuli ni nani aliipanga?" akamjibu. "Kaa chini."

Mafundisho yake yalikuwa ya zamani na hayakuwa na sukari. Mungu aliwachagua watu wake kabla hajaumba hata jani moja. Hakuwachagua kwa wema aliouona ndani yao, kwa maana hakukuwa na wema wa kuonwa. Kristo alikufa kwa ajili yao, Roho anawaita kwa wakati wake, na wakishaitwa, Mungu anawashika mpaka mwisho. Hapo alikuwa akipiga meza kwa kiganja. "Mutu wa Mungu anaweza kujikwaa," alisema, "anaweza kuchafuka mpaka ku masikio. Lakini kuanguka moja kwa moja, hapana. Haitawezekana. Haiko juu ya nguvu yake, ni Mungu anamushika."

Wengine somo lile liliwafurahisha. Mimi lilinitia hofu ambayo mpaka leo sijaizoea. Siku za Jumapili nilikuwa natazama vichwa vilivyo mbele yangu, vilemba vya akina mama, vipara vya wazee, na kujiuliza ni nani kati yao ambaye Mungu hakumtaka tangu mwanzo, naye anaimba tu bila kujua. Halafu nikawaza kwamba labda kuna mtu nyuma yangu anatazama kichwa changu. Nikaanza kukosa hamu ya kula. Mama yangu akafikiri ni malaria, akanipeleka kupimwa damu, hawakuona kitu.

Mwishowe nilibaki baada ya darasa. Mama Mwalimu alikuwa anafuta ubao na kipande cha kikwembe, kitenge kikuukuu.

"Mama," nikasema, "na kama mimi siko?"

"Hauko nini?"

"Siko kati ya wale wa kuchaguliwa."

Aliacha kufuta. Akakaa kwenye benchi la wanafunzi, karibu yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alinuka chaki na mafuta ya mawese.

"Unaogopa?"

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana."

"Basi sikia. Mutu mwenye haiko wa Mungu, hiyo haimusumbui. Analala vizuri. Weye kama unaogopa, ni sababu kuko kitu ndani inaogopa kumupoteza. Na ile kitu haukuiweka weye."

Nilirudi nyumbani nikala. Niliishi na jibu lile kwa miaka mingi. Nililibeba nilipoolewa, nililibeba nilipozika mtoto wangu wa kwanza, na siku zile milio ya risasi ilipokuja karibu na mji nililishika kama mtu anavyoshika nguzo kwenye upepo.

Kuna jambo nisilisahau, maana ukali wake unaweza kuwafanya msiomjua mumfikirie vibaya. Upande wa pili wa barabara pale Bigo kulikuwa na kanisa la maombi, lenye spika kubwa zilizotikisa madirisha ya jirani. Mama mmoja alipeleka pale mtoto mgonjwa. Nabii akamwambia asimpeleke hospitali, aamini tu. Mtoto alipokufa, nabii akasema imani ya mama ilikuwa ndogo. Yule mama akawa hatoki nje. Watu walimletea chakula, kikaharibika.

Mama Mwalimu alisikia. Siku hiyo hakumngoja mtu wa kumvusha. Mimi nilikuwa natoka sokoni, nikamwona katikati ya barabara peke yake, macho ameyafumba, mikono ameinyosha mbele, na pikipiki zinamkwepa kushoto na kulia, vijana wanamtukana. Nilikimbia nikamshika. Alikuwa amelowa jasho. Tuliingia pamoja kwa yule mama, na Mama Mwalimu hakumpa pole wala hakuomba. Alisema, "Walikuambia imani yako ilikuwa kidogo? Sawa, ikuwe kidogo. Hata yangu iko kidogo, uliza huyu, ametoka kuniokota mu barabara. Mungu hapimiaka watu imani sawa chumvi ya soko. Mutoto haikufa juu ya makosa yako. Unasikia? Haikufa juu yako."

Yule mama alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ndipo nikaelewa kwamba mafundisho yaliyonitisha mimi yanaweza kumtoa mtu mwingine shimoni. Kama kuokoka ni kazi ya Mungu peke yake, basi hakuna nabii anayeweza kukulaza kitandani na kukuambia hukujitahidi.

Sasa nimtaje muuza makala mmoja, muuza makaa ya kupikia, kwa maana bila yeye hadithi ya Mama Mwalimu haikamiliki. Alikuwa mtu wa Djugu, aliyekimbia vita akaishi kambini hapa Bunia. Alichukua makala vijijini na kuyauza kwa marundo madogomadogo karibu na kanisa. Kucha zake zilikuwa nyeusi siku zote. Alikunywa pombe, si kila siku, lakini alipokunywa kila mtu alijua. Alitaka ubatizo, na Mama Mwalimu alimkataa mara mbili.

Mara ya kwanza alimwuliza mbele yetu sote, maana nilikuwa nimekwisha kuwa shemasi na nilikaa kwenye mitihani ya ubatizo: "Juu ya nini Mungu angekuchagua weye?"

Akajikuna. "Labda hakuniangalia muzuri, Mama."

Tulicheka. Mama Mwalimu hakucheka. Alimrudisha akajifunze tena. Mara ya pili, kwa swali lilelile, alisema, "Sijue. Mimi mwenyewe nashangaa," na jibu lilikuwa zuri kuliko majibu ya wote, lakini lilikuja na harufu ya pombe. Mama Mwalimu akamwambia arudi akiwa mkavu. Akaondoka kichwa chini, akapotea kwa miezi bila kuonekana kanisani.

Mwaka ule Mama Mwalimu alianza kuona ukungu machoni. Tulimwambia aende hospitali ya Nyankunde. Barabara ilikuwa na siku zake za amani na siku zake nyingine, na watu walisema juma lile ni la amani. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Muuza makala alikuwamo, anakwenda kutafuta mizigo yake. Mama Mwalimu alipoweka mguu ndani alinishika kikwembe.

"Naogopa, binti yangu."

Nilimpa maneno yake mwenyewe, kwamba kitu hakitokei kabla Mungu hajataka. "Mama, hakuna kitu itatokea mbele Mungu hajapenda."

Alinitazama kama nimempiga kofi. "Njo ile naogopa," akasema: hilohilo ndilo lililomtisha. Gari likaondoka.

Walishikwa wote wawili njiani, wakati wa kurudi kutoka hospitali. Sikuwepo, kwa hiyo nasema nilivyosimuliwa na wao wenyewe na wengine waliotoroka. Watu wenye silaha walitoka kwenye majani, wakasimamisha gari, wakachukua walichotaka, wakawatembeza abiria mpaka jioni, mlima juu, mlima chini, mpaka kwenye vibanda porini. Hapo wakapangwa mstari. Kulikuwa na chungu cha dawa, maji meusi yenye mizizi. Mkubwa wao akasema kila mtu atakunywa na kuapa: kwamba Yesu wa makanisa hana nguvu, kwamba inayolinda ni dawa hii, na kwamba kuanzia leo yeye ni mtu wa dawa. Atakayekataa ataona.

Muuza makala alikuwa mbele ya Mama Mwalimu kwenye mstari. Waliposema aape, hakuapa. Wakamwekea kibuyu mdomoni, meno hayakufunguka. Wakampiga. Hakuapa. Wakampiga mpaka akalala chini, na yeye kimya, anawatazama tu. Mkubwa akachoka naye. Akasema, "Huyu amelogwa, mutupeni ku njia, asituletee mukosi." Wakamburuta wakamtupa mbali na vibanda. Asubuhi alijikokota mpaka akakutana na watu.

Baada yake zamu ilikuwa ya Mama Mwalimu. Akafungua mdomo akanywa. Akaapa maneno yote, mpaka mwisho, kwa sauti ya kusikika. Na si siku ile tu. Walimweka awapikie, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto aliapa tena na kunywa tena, kwa majuma, mpaka siku askari wa serikali waliposogea na wale watu wakahama wakawaacha wazee waliokuwa wazito wa kutembea.

Habari za muuza makala zilifika Bunia kabla yake mwenyewe. Kanisani zilitangazwa na mchungaji huku analia: ndugu yetu, ambaye hata hajabatizwa, alikataa kumkana Bwana mbele ya bunduki. Yeye aliporudi alikuwa bado amevimba uso na haongei, na watu wakasema huo ni unyenyekevu. Wazee wa kanisa wakakubaliana abatizwe bila mtihani. Nani angemfanyia mtihani?

Mama Mwalimu aliporudi, nguo zake zilimning'inia kama za mtu mwingine. Tuliandaa ibada ya shukrani. Mchungaji akamwomba aseme neno. Alisimama mahali alipo, hakwenda mbele.

"Mimi niliapa," akasema.

Akamwonyesha muuza makala kwa kidole.

"Huyu alikatala. Mimi niliapa. Kila siku niliapa."

Akatoka nje, akaenda kukaa karibu na tangi la maji ya mvua, mgongo ukutani. Tangu siku ile alikuja kila Jumapili, akaketi palepale nje, akasikiliza kupitia dirishani. Darasa aliliacha. Siku za Meza ya Bwana, kabla mkate haujafunuliwa, alikuwa amekwisha kuondoka.

Wazee wa kanisa walikwenda nyumbani kwake. Mchungaji alimkumbusha habari ya mtume aliyemkana Bwana wake akarudishwa na kupewa kazi. Mama Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, kisha akajibu, "Pasta, ule mutu alilia siku ileile. Mimi sikulia. Nilisonga bugali." Mchungaji akasema damu ya Kristo inatosha. Mama Mwalimu akasema, "Inatosha kwa watu wake. Hiyo somo nilikufundisha mimi, ukikuwa mutoto." Na kweli ndiye aliyemfundisha.

Mimi nina duka dogo la dawa pale Nyakasanza. Alikuja kutafuta vidonge vya shinikizo la damu. Nilimwambia nimpe na dawa ya maji ya kikohozi, maana alikuwa anakohoa tangu porini. Akarudi nyuma hatua nzima. "Hapana kunipa kitu ya kunywa," akasema. "Hapana kunipa kitu ya ndani ya chupa."

Nikamketisha kwenye kiti cha wateja. Duka lilikuwa tupu. Hofu yangu ya zamani, ile ya usichana, ilikuwa imerudi tangu siku aliyosimama kanisani, na sikuweza kuizuia tena.

"Mama," nikasema, "uliniambia mwenye kuogopa ni wa Mungu. Unakumbuka? Sasa weye unaogopa. Basi weye ni wake."

Alikaa anaviangalia vidonge mkononi.

"Nilikudanganya, mutoto yangu. Sikujua nakudanganya. Hata shetani anaogopa. Anaogopa Mungu kushinda weye na mimi." Akavikunja vidonge kwenye pembe ya kikwembe. "Nilifundisha watu miaka yote mutu wa Mungu haanguki. Sikusema haanguki akiwa na nguvu. Nilisema haanguki. Sasa angalia mimi. Ao ile mafundisho ni ya uongo, ao mimi sikukuwa wake hata siku moja. Unaniambia nichague gani?"

Alipotoka nilifunga duka mapema, nikaenda nyumbani kwa miguu, na kila uso niliokutana nao njiani ulinitisha. Kama Mama Mwalimu anaweza kuwa hakuwahi kuwa wa Mungu, mimi ni nani? Yeye ndiye aliyenipitisha mlangoni. Nilimtazama mume wangu anakula, watoto wanagombania nyama, nikawaza: hakuna hata mmoja wetu hapa mwenye uhakika wa kitu.

Siku chache kabla ya ubatizo wa muuza makala nilikwenda kumpelekea Mama Mwalimu vidonge nyumbani. Ilikuwa mchana, tumekaa uani, anachambua sombe, majani ya muhogo. Muuza makala akaingia. Hakuwa amelewa. Alivua kofia na akabaki amesimama.

"Mama Mwalimu, nimekuja kusema kitu mbele wanimwagie maji ya ubatizo."

"Sema."

"Mi sikukatala."

Mama Mwalimu hakumwelewa. Mimi pia sikumwelewa.

"Ile siku. Watu wanasema nilikatala. Mi sikukatala, Mama. Nilitaka kuapa! Nilikuwa natafuta ile maneno, siipati. Mudomo ilikauka, ilifunga, meno ikashikana. Hata mukojo ilitoka. Wananipiga, mi nasema mu roho: ngojeni, ngojeni, nitaapa. Sauti haitoki. Mpaka walinitupa, bado natafuta sauti. Nilikaa siku mingi sisemi hata kitu. Nimeanza kusema, nakuta watu wananiita shujaa." Akajifuta uso na kofia, ukabaki na alama nyeusi. "Nilikuwa naogopa tu, Mama. Naogopa sawa mbuzi."

Mama Mwalimu aliinuka, majani yakamwagika. Nilifikiri anakwenda kumkumbatia, lakini uso wake ulikuwa wa hasira, hasira ambayo sijawahi kuiona kwake hata darasani.

"Uoga njo ilikufunga mudomo?"

"Njo uoga."

"Na mimi uoga njo ilinifungua. Uoga ileile! Tulikuwa mu mustari moja." Akageuka akanitazama mimi, kama ni mimi niliyefanya. "Unasikia? Mungu alimufunga huyu. Alikuwa anaweza kunifunga na mimi. Ni kitu gani ingemusumbua? Meno kidogo tu ishikane. Alimufunga huyu mulevi, mimi aliniachilia nikanywe. Juu ya nini?"

Muuza makala alisema polepole, "Sijue, Mama."

Nadhani hilo ndilo swali lililomtisha Mama Mwalimu maisha yake yote, tangu zamani, chini ya meza, barabarani na nyuma ya magogo yake. Hakuwa na shaka kwamba Mungu anaweza. Alijua kwamba Mungu anaweza, na kwamba hakuna anayeweza kumwuliza kwa nini leo amefunga na kesho amefungua. Watu wengi huogopa kwa sababu hawaamini. Yeye aliamini kila neno, ndiyo maana alitetemeka.

Muuza makala alikusanya majani yaliyomwagika, akayaosha, akayarudisha kwenye sufuria, akaaga.

Alikwenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa akarudia maneno yale yale. Nilikuwepo. Mzee mmoja, mtu mwenye haki sana, akasema, "Basi hatuko tena na sababu ya kumubatiza." Mchungaji akamgeukia yule mzee. Akasema, "Papa, na mimi ulinibatiza na sababu gani?" Muuza makala alibatizwa Jumapili iliyofuata. Maji yalipomshukia kichwani alikuwa anatetemeka, na Mama Mwalimu alikuwa nje, karibu na tangi, anatazama kupitia dirishani. Nilimwona ameinuka ili aone vizuri.

Nilikutana na Mama Mwalimu kwa mazungumzo marefu mara moja tu baada ya hapo, kabla ugonjwa wa moyo haujamchukua. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya juma. Milio ya risasi ilianza pembeni ya mji, ikakaribia, na watu wakaanza kukimbia kupita Bigo, magodoro vichwani, watoto migongoni, mtu na mbuzi wake. Mume wangu alikwenda kuwachukua watoto shuleni. Mimi nilikwenda kwa Mama Mwalimu, nikijua hataweza kuvuka barabara.

Nilimkuta amekaa chini nje ya mlango. Mlango ulikuwa wazi.

"Miguu imekatala," akasema.

Nilijaribu kumwinua, nikashindwa. Nikakaa chini kando yake. Sitadanganya, nilitamani kumwacha. Kila mlio nilijihesabia kama wa mwisho. Watu walipungua barabarani, kisha wakaisha, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mbio zao.

Nikamwuliza nililokuwa nalo moyoni, kwa kuwa niliona labda hakuna siku nyingine. "Mama, wakifika hapa sasa, wakisema uape tena?"

Alitazama barabara tupu.

"Nitaapa, naona. Mi najijua sasa. Zamani sikujijua."

"Na kisha?"

"Kisha nitarudi. Kama atanirudisha. Mi siko na kwengine ya kwenda, binti yangu. Nimetafuta. Nimekaa kule inje ku tangi nikatafuta mwengine wa kumukimbilia, sababu huyu Mungu ananiogopesha sana. Haiko. Ni yeye tu. Ananiogopesha, na niko namukimbilia yeye."

"Na ulishajua sasa kama weye ni wake?"

"Hapana," akasema. "Weye ulishajua?"

"Hapana."

"Basi tukae."

Tukakaa. Alikuwa amenishika kiganja, na kutetemeka kwake kuliingia mkononi mwangu mpaka sikujua tena ni mkono wa nani unaotetemeka. Karibu na saa sita milio ikawa ya mbali, kisha ikakoma. Watu wakaanza kurudi mmojammoja, wakitazama nyuma. Mtu akapita akasema wale wenye silaha wamerudishwa mlimani, mji uko salama kwa leo. Jirani akawasha moto. Mama Mwalimu aliniomba nimsaidie kuinuka, na safari hii tuliweza.

Aliposimama, akiwa bado ameegemea bega langu, aliuliza, "Jumapili hii njo kuko Meza?"

"Njo, Mama."

Akafuta vumbi kwenye kikwembe chake, muda mrefu, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Utanipitia?"

"Nitakupitia."

"Kuja mapema. Mi natembea polepole. Na wakinikatalia, utanirudisha."

Nilikuja mapema. Nilimkuta amekwisha kuvaa nguo nyeupe za akina mama wa kanisa, zilizomzidi sana sasa, na kilemba amekifunga vizuri. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Nilimwuliza kama tungoje kidogo apumzike.

"Hapana," akasema, akanishika mkono. "Twende sasa, mbele sijakimbia."

Tukatoka. Tulipofika kwenye barabara kubwa, alifumba macho.